Si kila uvimbe ni kansa jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku mtaani mtu akiambiwa ana uvimbe tu ndugu wanaanza kulia, jamani, si kila uvimbe ni kansa! Faibroidi, yaani vivimbe visivyo kansa vya kwenye kizazi, wanazo wanawake wengi sana na haziendi kuvamia ini wala mapafu, kansa ndo seli zake zinagawanyika ovyo, zinapenya nyama za jirani halafu zinasafiri kwa damu mpaka mbali. Kuthibitisha kama ni kansa mara nyingi lazima kikatwe kinyama kidogo cha huo uvimbe kipimwe maabara, ikiwa ni kansa hapo ndo dokta anapanga upasuaji, mionzi au kemo, yaani dawa za kuua seli za kansa. Kinachoniuma ni wanaokaa na kivimbe cha titi wakipaka majani mpaka kinapasuka, wakifika hospitali ya kansa ya Ocean Road hapa Dar gonjwa limeshatambaa mifupani. Dada zangu, kivimbe kigumu kwenye titi, hata kama hakiumi, nendeni mkapime.

Msomaji wenu, Mbagala