Salamu za Krismasi kwa ndugu, jamaa na marafiki

Tumsifu Yesu Kristo!

Kwa niaba ya familia nawatakia nyote heri ya Krismasi na baraka tele za mwaka mpya. Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha, maana mwaka ulikuwa mzito. Mama alitutoka mwezi wa sita. Mchele umepanda, mafuta ya kula ndiyo usiseme, na nauli za mikoani mnazijua. Wengi safari hii tutasalimiana kwa simu tu.

Tangu maziko yale mdogo wangu hajakanyaga kanisani, yeye aliyekuwa akiipigia kwaya kinanda. Wapo wanaomsema. Mimi namkumbuka Thomas Hardy, mwandishi Mwingereza wa kule Dorset. Baba yake na babu yake walipiga ala za nyuzi katika kanisa la Stinsford. Yeye mwenyewe ujanani alifanya kazi ya kukarabati makanisa. Imani ikamtoka, nyimbo za kanisani zisimtoke. Tarehe 24 Desemba 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vimepamba moto na jamaa yake Frank George ameshauawa Gallipoli, Uturuki, mwezi Agosti, gazeti la The Times lilichapa shairi lake “The Oxen”. Anakumbuka walivyoketi karibu na moto mkesha wa Krismasi, mzee mmoja akasema saa sita ya usiku ule ng’ombe wote wamepiga magoti zizini, na hakuna aliyebisha. Miaka hii, asema, nani angeamini? Lakini mtu akimwambia usiku wa Krismasi, “Njoo tukawaone,” angefuatana naye gizani, akitumaini kuwa ni kweli.

Anayesema hivyo hana dharau hata chembe. Ana uchungu wa mfiwa.

Basi wapendwa, tusiwafukuze wenye mashaka mezani petu, wala tusiwahubirie sahani ikiwa mkononi. Tomaso alitaka kugusa majeraha, na Bwana hakumfokea, alimwonyesha mikono yake. Wazazi, mtoto akiuliza Mungu alikuwa wapi bibi alipoteseka kitandani, msimzibe mdomo. Kaeni naye. Na sisi tusioyumba, tujiulize kama ni imani hasa, au ni kwamba bado hatujapigwa.

Mkesha huu nitampitia mdogo wangu kabla ya misa, nimwambie twende. Asipokuja, pilau yake itawekwa.

Krismasi njema, na Mungu awabariki nyote pamoja na watoto.