Fizi Zinazotoka Damu Zina Uhusiano Gani na Utumbo Mpana?

Siku hizi wateja wa kliniki yetu ya meno wanatuuliza, tena kwa hofu: eti bakteria wa mdomoni huleta saratani ya utumbo? Jibu letu ni kwamba yuko bakteria mmoja wa kwenye fizi aliyekutwa huko, na wanasayansi wanamshuku sana. Kwamba ndiye chanzo, hilo bado halijathibitishwa.

Anaitwa Fusobacterium nucleatum. Watu wengi wanaye kinywani, lakini huzaliana mno pale ukoga unapojazana chini ya fizi, kwa kuwa hapendi hewa. Mwaka 2011 timu mbili, moja ya Marekani na nyingine ya Kanada, zilimkuta kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana kwa wingi kuliko kwenye nyama ya jirani isiyo na saratani. Machi 2024 watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, wakaonyesha kuwa lipo kundi moja la bakteria hao linalohimili tindikali ya tumboni, na walilikuta katika takriban nusu ya uvimbe walioupima. Ukikumbuka kwamba mtu humeza mate ya lita nzima hivi kwa siku, safari hiyo haishangazi.

Ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda nao umechunguzwa. Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Michigan kilieleza kuwa panya wenye fizi zilizovimba waliugua utumbo vibaya zaidi. Ni panya, lakini, na utumbo wao ulikuwa tayari una shida.

Kwa hiyo ukija kusafishwa meno ili ujikinge na saratani, tutakusafisha, ila ahadi hiyo hatuitoi. Na ukiona damu kwenye choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, nenda hospitali kwanza. Meno yatasubiri.

Tunachokijua vizuri ni fizi. Damu wakati wa kupiga mswaki si jambo la kawaida, hata kama nyumbani wote wanatokwa na damu. Wengi huukwepa upande unaotoka damu, na hapo ndipo ukoga hupata nafasi ya kuwa mgumu kama jiwe. Ukishafika huko mswaki hauuwezi tena, hutolewa kwa mashine. Wengine hupitia duka la dawa wakanunua Flagyl: damu hukata siku chache, kisha hurudi, kwa kuwa ukoga haujaguswa.

Hapa kwetu tunaanza kwa kupima kina cha mifuko ya fizi, yaani nafasi iliyo kati ya jino na fizi, kwa kijiti chembamba chenye alama. Milimita 1 hadi 3 ni sawa; kuanzia 4 kwenda juu, kwa kawaida tunasafisha hadi chini ya fizi, kwa ganzi ukihitaji. Kabla hatujaanza tuambie kama una kisukari, una mimba, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.