Ukurasa wa mlima auandike anayeupanda

Ndugu Mhariri,

Kuna maneno yanayozunguka hapa Moshi, na nimeyasikia hata kwa wenye kampuni za utalii, kwamba sisi waongoza watalii tunaotengeneza tovuti tumevamia kazi ya watu, na kwamba mwongozaji mwenye kompyuta moyo wake haupo tena mlimani. Naomba nafasi nijibu.

Mlima Kilimanjaro haulipi mwaka mzima. Masika yakishika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, njia ya Machame huwa tope tupu na wageni wanapungua sana. Novemba, mvua za vuli, ni hivyo hivyo. Wengi wetu tunalipwa kwa safari. Usipopanda huna kitu. Wenzangu wengine hulima, wengine huendesha bodaboda. Mimi nilijifunza tovuti mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Aprili kwa sababu ya korona, na hata ziliporuhusiwa Mei wageni hawakuonekana. Nilikuwa na laptopu kuukuu na bando la usiku. Nikaanza na WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nikamtengenezea rafiki mwenye nyumba ya wageni, kisha kampuni moja, kisha nyingine. Ada ya watoto wakati wa mvua inatoka huko.

Ila hata kama mlima ungelipa miezi yote 12, bado ningeandika tovuti, na sababu ni mgeni mmoja.

Nilimpandisha kwa njia ya Marangu, safari ya siku 5. Siku ya kwanza tukalala kituo cha Mandara, mita 2,720 kutoka usawa wa bahari. Ya pili Horombo, mita 3,720. Ya tatu tukafika Kibo, mita 4,720. Mita 1,000 kila siku, bila siku ya kupumzika. Usiku wa kwenda kileleni tulipofika Pango la Hans Meyer alikuwa anayumba kama mlevi. Ametapika mara mbili. Anatafuta glavu zake, na amezivaa. Nikamwambia tunashuka. Alilia, mtu mzima yule. Tulipofika Horombo akapata nafuu, akatoa simu akanionyesha ukurasa uliomleta Tanzania: siku 5, bei nafuu, safari inamfaa kila mtu. Akaniuliza kwa nini hatukumwambia ukweli. Nilikosa la kumjibu, kwa sababu ukurasa ulikuwa wa kampuni iliyonituma, na aliyeuandika hajawahi kulala hata Mandara.

Ule ulikuwa ugonjwa wa mwinuko, na kila mwongozaji anaijua dawa: siku ya ziada Horombo. Asubuhi unamtembeza mgeni hadi Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, mnarudi kulala pale pale, na mwili unaanza kuizoea hewa. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inaingiza karibu nusu tu ya oksijeni ambayo mtu angeipata pwani. Mgeni anaweza kuwa amekimbia marathoni kumi, mlima haujali. Unachotaka ni siku. Anayelijua hili kwa miguu yake ataliweka juu kabisa ya ukurasa. Asiyelijua atanakili ukurasa wa jirani na makosa yake yote. Nimeona tovuti za hapa mjini zikiuza njia ya Machame kwa picha ya tembo waliojipanga chini ya mlima, picha iliyopigwa Amboseli, upande wa Kenya. Halafu mgeni anafika getini anatuuliza tembo wako wapi.

Sasa yaliyonikuta. Kampuni moja, sitaitaja, ilinipa kazi ya tovuti. Nikaandika wazi kwamba Marangu tunashauri siku 6, nikaeleza na sababu. Baada ya wiki mwenye kampuni akaufuta mstari ule, eti majirani wanauza siku 5 na sisi tutaonekana ghali. Pasiwedi ikabadilishwa, na nusu ya pesa yangu sijaiona hadi leo. Wala sikuidai sana. Bosi wa tovuti ndiye bosi wa safari. Ukimsumbua, msimu ukifunguka hupangiwi wageni. Ndiyo maana waongozaji wengi wanafanya kazi hii kwa maneno ya mdomo na kunyamaza.

Wenye kampuni, mgeni mnamtoza malipo ya awali kabla hajapanda ndege. Mtengeneza tovuti naye apewe malipo ya awali na karatasi iliyosainiwa, hata kama ni mwongozaji wenu. Na kabla ukurasa wa njia yoyote haujatoka, apewe mwongozaji mmoja anayeipanda njia hiyo ausome. Ni kazi ya nusu saa. Tangu Agosti 2022 intaneti ya kasi imefika hadi Horombo, kwa hiyo hata akiwa safarini anaweza kuusoma.

Vyuo vinavyotufundisha, Chuo cha Wanyamapori cha Mweka kikiwa mbele, navyo viongeze somo la kumwandikia mgeni kabla hajafika. Tunafundishwa kumtazama akiwa tayari ameanza kuumwa kichwa, wakati uamuzi wa siku ngapi alishaufanya miezi mingi nyuma, akiwa kwao, mbele ya kioo cha simu.

Masika haya nina tovuti mbili mkononi. Mwenye moja amekubali mstari wa siku 6 ukae juu, kabla ya bei. Wa pili bado tunazungumza.

Mwongoza watalii,
Moshi, Kilimanjaro