Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Amplifaya, Pazia na Kochi la Ukutani

Ndugu wanachama wenzangu,

Mahudhurio ya vikao anayo Katibu, na fedha atazisoma Mhazini. Mimi nitasema juu ya jambo lililotula muda kuliko yote mwaka huu, na ambalo nusura litugawe: namna tunavyovipima vifaa vya sauti kabla ya kuwaambia watu wavinunue au wasivinunue.

Mnajua lilikoanzia. Muuzaji mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi, alituazima amplifaya mpya, yaani kifaa cha kuzipa spika nguvu. Tukaiweka sebuleni kwangu kando ya ile ya zamani ya chama, tukawa tunachomoa waya za spika huku tunachomeka kule, na haikupita saa moja sote tulikuwa tumeshaamua. Mpya ina besi iliyoshiba, mwimbaji amesogea mbele, magitaa yanang'aa. Nilikuwepo, nami nilitikisa kichwa kwa kukubali. Uchambuzi ukaandikwa usiku uleule, ukasambazwa kwa wanachama wote.

Wiki iliyofuata, mwenzetu ambaye ni fundi umeme alikuja na multimita yake, kifaa cha kupimia umeme, akapima volti pale waya za spika zinapoingia. Kitufe cha sauti kikiwa kwenye alama ileile, amplifaya mpya ilikuwa inapaza sauti kuizidi ya zamani kwa karibu desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Tulipozisawazisha, besi iliyoshiba ikaondoka, mwimbaji akarudi alipokuwa, na sebule nzima ikawa kimya kwa aibu.

Hapa naomba tuelewane, kwa sababu wapo waliosema tulidanganya. Hatukudanganya. Kweli tulisikia besi zaidi. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa mwaka 1933 inajulikana kwamba sikio husikia besi kwa udhaifu sauti inapokuwa ndogo, na ukiipandisha, besi hukua haraka kuliko sauti za kati. Nyongeza ndogo ya desibeli moja au mbili msikilizaji haitambui kama kelele zaidi. Anaitambua kama uzuri. Kosa letu lilikuwa kumpa fundi aliyeitengeneza ile amplifaya sifa iliyokuwa ya kitufe cha sauti. Uchambuzi ule tumeufuta, na masahihisho yalitoka kwa jina langu.

Tangu siku ile hatulinganishi amplifaya bila kusawazisha kwanza. Tunapiga toni ya hetsi 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), kwa kuwa multimita nyingi za bei nafuu hazisomi sawasawa volti za masafa ya juu, tunaweka volti 2.83, ambazo kwa spika yenye ukinzani wa omu 8 ni wati 1, kisha tunahakikisha tofauti haizidi desibeli 0.1. Kwa kiwango hicho, hiyo ni volti 0.03 hivi. Kwa spika njia hii haitoshi, maana spika mbili zikipewa volti zilezile haziimbi kwa ukubwa mmoja. Ndiyo maana mtaona maikrofoni ya kupimia katika hesabu za Mhazini. Walionipigia simu kulalamikia ununuzi huo, nadhani sasa wamenielewa.

Kisha likaja pazia, la kuvificha vifaa ili tuvihukumu kwa sikio tu. Wazo si letu. Floyd Toole, mtafiti wa sauti, alifanya majaribio ya namna hiyo kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, na mwaka 1991 akahamia Harman, kampuni ya vifaa vya sauti nchini Marekani. Huko, yeye na mtafiti mwenzake Sean Olive waliwaketisha wafanyakazi 40 wa kampuni wasikilize spika nne, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Matokeo waliyatoa mwaka 1994. Watu walipoziona, spika kubwa zenye sura nzuri zilipanda alama, na seti ndogo ya plastiki ya bei nafuu ikashuka. Pazia lilipofungwa, ile seti ndogo iliinuka. Na hao walikuwa watu wanaoishi kwa kazi ya sauti. Wahenga walishasema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini sikudhani msemo huo ungenihusu mimi na amplifaya.

Tukatundika pazia zito la mke wangu (namshukuru mbele yenu, na tayari ameshalidai). Fundi alikaa nyuma yake, akarusha sarafu kila mara ili kuamua ni amplifaya ipi ipigwe, kwa raundi 16, nasi kila raundi tukataja tunasikia ipi. Mtu asiyesikia tofauti yoyote, akikisia tu, uwezekano wa kupatia raundi 12 au zaidi ni chini ya asilimia 4. Kwa hiyo 12 ndiyo ilikuwa alama yetu ya kufaulu. Hakuna aliyeifikia, mimi nikiwemo, na mimi ndiye niliyeapa ningeitambua ile mpya hata usingizini. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba amplifaya zote ni sawa. Yanasema tu kwamba hizo mbili, kwa spika hizo, katika sebule hiyo, hatukuweza kuzitofautisha, na mchambuzi asiyeweza kuvitofautisha vitu viwili hana haki ya kuandika ukurasa mzima wa kuvilinganisha.

Spika zilikuwa habari nyingine. Hata nyuma ya pazia, hata mtoto wa jirani aliyeingia kuomba maji, kila mmoja alisikia kwamba spika A na spika B si ndugu. Ningependa mwakani maneno yetu mengi yaende huko kuliko kwenye amplifaya.

Jambo la chumba linanikera kidogo, kwa kuwa tumelipuuza tangu chama kianze. Wanachama wawili walizichambua spika zilezile, sebuleni kwangu, siku ileile. Mmoja aliandika kwamba besi inanguruma hadi inachosha. Mwingine kwamba besi haipo kabisa. Nusura waitane waongo. Niliwauliza walikaa wapi. Wa kwanza alikaa kwenye kochi, ambalo limeegemea ukuta kama makochi ya sebule zetu nyingi. Wa pili alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba. Kuta za sebule yangu ziko mita 3.5 kutoka moja hadi nyingine. Kwa joto la nyuzi 30 sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya kuta hizo hujijenga wimbi lililosimama la hetsi 50 hivi: kando ya ukuta linavimba, katikati ya chumba linakufa. Noti ya chini ya G kwenye gitaa la besi ni hetsi 49. Kila mpigaji alipoigusa, mmoja alipigwa kifuani na mwenzake hakusikia kitu. Wote wawili waliandika ukweli, ila waliandika kuhusu sebule yangu wakidhani wanaandika kuhusu spika. Kuanzia sasa uchambuzi usiotaja vipimo vya chumba, mahali spika zilipowekwa na mahali msikilizaji alipokaa, utarudishwa kwa mwandishi.

Kuhusu muziki wa kujaribia nitasema kwa kifupi. Rekodi za zamani za taarabu na dansi tunazipenda, lakini si kipimo cha kila kitu. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za enzi ile hazikubeba sauti nyembamba za juu kabisa. Ukiambiwa spika fulani imeitoa santuri hiyo ikiwa inameta, basi spika imeongeza kitu ambacho santuri haina. Tumia pia rekodi za leo zilizorekodiwa vizuri, na sauti ya mtu unayemfahamu akizungumza tu.

Si wote waliokubaliana nami. Mzee wetu mmoja, aliyeanza kukusanya santuri kabla sijazaliwa, alisimama akasema raundi 16 za kuruka huku na huku si kusikiliza muziki, na kwamba kifaa hujulikana kwa kuishi nacho. Nilimjibu kwamba J. Gordon Holt, aliyeanzisha jarida la Stereophile mwaka 1962 ili vifaa vihukumiwe kwa kusikilizwa, mwaka 2007 alilalamika hadharani kuwa fani hii imejivunjia heshima kwa kukataa majaribio ya kificho. Lakini Mzee ana hoja, nami nimeichukua. Pazia halikutuonyesha kwamba ile amplifaya mpya inapata moto hadi huwezi kuweka mkono, kwamba rimoti yake inagoma, wala kwamba umeme ukiyumba jioni inajizima bila kuaga. Hayo tuliyajua baada ya kukaa nayo mwezi mzima. Kwa hiyo kila uchambuzi sasa una sehemu mbili: tulichosikia bila kuona, na tulichokiona kwa kuishi nacho.

Limebaki moja. Mwamba ngozi huvutia kwake, na yule muuzaji alituambia tusiwe na haraka ya kurudisha amplifaya yake. Tumeirudisha. Kamati inapendekeza kwamba kila mchambuzi aandike katika mistari ya mwanzo kifaa ni cha nani, kilipatikanaje na kitarudishwa lini, na kwamba mwanachama anayefanya biashara ya vifaa vya sauti asichambue bidhaa anazouza yeye wala washindani wake. Pendekezo hili litapigiwa kura leo. Kwa kuwa mpwa wangu anauza spika Kariakoo, na mara mbili mwaka huu nimemsaidia dukani, ajenda hiyo ikifika nitatoka nje na Makamu Mwenyekiti ataongoza kikao.

Wenu,
Mwenyekiti