Mama yenu hakuzaliwa Januari mosi: barua ya wazi kwa vijana wetu wa Kansas

Wanangu na wajukuu zangu mliokulia huku,

Jumamosi iliyopita tulimzika mama mmoja wa jumuiya yetu. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika mbili tu, ukaanza hivi: marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari. Sisi wazee tukatazamana. Tarehe ile aliandikiwa na karani aliyejaza fomu za safari ya kuja huku Marekani, kama tulivyoandikiwa wengi wetu tusiokuwa na cheti. Mama yule alizaliwa Fizi, kule Kongo, msimu wa kuvuna mpunga, na hakumficha yeyote aliyemuuliza. Nyinyi watoto wake hamkumuuliza. Fulana zenye picha yake mlichapisha, ukumbi mkakodi, chakula kikabaki. Jioni nikakuta nje mfuko mweusi wa taka: ndani kadi yake ya mgao ya Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Tanzania, barua, na daftari la nyimbo za kwaya. Nimeuokota.

Nina hasira, lakini ni hasira ya mtu anayewapenda. Sikilizeni kwanza kisa cha watu wengine waliohamia Kansas kabla yetu.

Ukiendesha gari kutoka Kansas City kwenda magharibi, kwa muda wa saa nne na ushei, utafika kijiji kinachoitwa Nicodemus. Kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao waliozaliwa utumwani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 za serikali akikaa juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Ardhi yenyewe ilikuwa imenyang'anywa wenyeji, na hilo nalo mlijue. Tena husimuliwa kwamba majira ya baridi ya kwanza, njaa ilipobana, ni Waosage, kabila la wenyeji hao, waliotoka mawindoni waliowagawia wageni wale nyama. Shuleni mtasikia habari za familia za Wazungu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, kana kwamba hakuna mwingine aliyekanyaga nyasi hizi.

Mwaka 1878 walikuja mchungaji Daniel Hickman na mkewe Willianna, na watoto wao, na kundi kubwa la wenzao. Treni iliwashusha mji wa Ellis. Surua ikawavamia hapo na baadhi ya watoto wa msafara wakafa. Waliobaki walishika njia isiyokuwa njia, wakifuata dira na mapito ya wanyama, usiku wakiwasha mioto na kufyatua bunduki ili wanyama wakali wasisogee. Mwisho wanaume wakapaza sauti: Nicodemus ile! Willianna akakodoa macho, asione mji. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo waliyochimba, maana miti ya kujengea haikuwepo. Willianna akaanza kulia.

Tumelijuaje chozi hilo? Alilisema mwenyewe, nalo gazeti la mji wa Topeka likaliandika mwaka 1937, miaka karibu 60 baadaye, akiwa bibi kizee. Mtu alikwenda, akauliza, akaandika. Angeulizwa mchungaji peke yake, nadhani tungepata habari za ibada na za kanisa, na moshi ule usingetufikia.

Hapa ndipo ninapowagombeza hasa. Kwenye shughuli zetu wanaume ndio wanaoshika kipaza sauti. Sisi tunasimulia vita, vyama, nani alikuwa kiongozi wa eneo gani kambini. Mwanamke yuko jikoni, na ndiye anayejua mtoto yupi alizikwa wapi. Mama tuliyemzika alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, usiku, ndani ya mtumbwi, akiwa amemziba mwanawe mdomo kwa kitenge ili asilie. Aliponisimulia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema aliogopa anamuua mwenyewe. Mtoto yule leo ni mtu mzima, alisimama mbele ya jeneza, na ninaamini hajui. Mwanangu, kama unasoma hapa, njoo nikueleze. Nisamehe kwa kukuacha ulisikie hivi. Nilidhani mama yako alishakwambia, na aibu hiyo naibeba mimi.

Mtaniambia wazazi hawapendi kusema. Wengine kweli hawapendi. Lakini hamjakaa nao mkichambua maharage bila simu mkononi. Ukimuuliza mama "tueleze historia yako" atakwambia hana historia. Muulize mlipika nini siku ya kwanza. Muulize alilia lini.

Mengine nayataja tu: andikeni majina nyuma ya picha, jina la ukoo liandikwe kama bibi alivyolitamka, wala si kama fomu ilivyolikosea, kadi za kambi zisitupwe.

Reli ilipita mbali na Nicodemus mwaka 1888, wafanyabiashara wakahama, kijiji kikanywea. Hata hivyo kila mwishoni mwa Julai vizazi vya waasisi hurudi, na tangu mwaka 1996 serikali inakitunza kama eneo la historia ya taifa. Julai ijayo nataka twende wote, nanyi mwulize wenyeji mnayotaka kujua.

Kabla ya hapo, mdogo wake marehemu yuko Nyarugusu bado, na simu anayo. Usiku wenu ni asubuhi yake, mpigieni. Ule mfuko uko chumbani kwangu. Mmoja wenu aje auchukue, na aje na daftari.

Ni mimi babu yenu.