Maandalizi ya klasta, Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi saa 3 asubuhi kila mtu anajenga klasta (kundi la mashine zinazofanya kazi kama moja) ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye mashine nyingi, kwenye laptopu yake: mashine pepe tatu (kompyuta za kuigizwa) ndani ya programu ya VirtualBox, moja msimamizi, mbili za kazi. Kila moja ipewe RAM ya GB 2 na CPU 2. Mwenye laptopu ya GB 8 aunde mbili tu, asijitese.

Pakueni Ubuntu Server, mfumo endeshi wa mashine hizo, mkiwa nyumbani. Intaneti ya ukumbini mnaijua wenyewe.

Zimeni swap (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya ziada) kwa `sudo swapoff -a`, kisha mstari wake muufunge kwa alama ya # kwenye `/etc/fstab`. Usipofunga, ukiwasha upya inarudi na kubelet, programu ya Kubernetes inayokaa kwenye kila mashine, inagoma.

Lililonikesha mimi ni hili: kwa NAT ya kawaida (mashine kutumia intaneti kupitia laptopu), VirtualBox huipa kila mashine anwani ileile, 10.0.2.15. Nodi yangu ya pili (yaani mashine ya pili ya klasta) ikidhani inapiga hodi kwa msimamizi, kumbe inagonga mlango wake yenyewe! Ongezeni kadi ya pili ya mtandao ya host-only (ya laptopu na mashine zake tu), ile ya anwani zinazoanza na 192.168.56, na kwenye `kubeadm init`, amri ya kuanzisha klasta kwa msimamizi, mtaje anwani hiyo kwa `--apiserver-advertise-address`.

Aliyekwama atupie picha ya skrini hapa kabla ya Ijumaa usiku.