Barua kwa mpwa wangu aliyehamishiwa kiungo

Mpwa wangu,

Kocha wako wa lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani, kakutoa mbele kakupanga kiungo, nawe umenuna. Kabla hujaomba kurudishwa, tafuta video za Kyle Harrison wa Johns Hopkins, chuo cha Baltimore, Marekani, msimu wa 2005. Chuo kilishinda mechi zote 16, fainali kikaifunga Duke 9-8, na Harrison akabeba Tewaaraton, tuzo ya mchezaji bora wa lakrosi ya vyuo Marekani. Alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata. Baba yake naye alichezea chuo cha Morgan State, humo humo Baltimore.

Wapo waliofunga mabao mengi kumzidi. Yeye alikaba nyuma, akapandisha mpira, hata mpira wa kuanzia kati akaugombea. Fikiria hesabu yenyewe: wachezaji 10, na sheria inataka 4 wabaki nusu ya nyuma na 3 nusu ya mbele. Wanaobaki kukimbia yadi 110 zote, kwenda na kurudi, ni viungo 3. Ndiyo maana viungo hubadilishwa kila mara bila mchezo kusimama.

Na hapo ndipo wanaoanza nafasi hiyo huharibu. Mpira umepotea mbele, kiungo hoi anakimbilia benchi, wapinzani wameshavuka mstari wa kati: nyuma mmepungua mtu, bao hilo. Toka uwanjani wakati mpira ni wenu. Ukiwa hoi na mpira ni wao, rudi ukabe kwanza.

Mpira ulio chini usiuchote kwa mkono mmoja ukiwa umesimama wima. Ncha ya fimbo huudonoa, nao hukimbia mbele yako. Kunja magoti, shusha mkono wa nyuma mpaka fimbo ikaribie kulala, chota kuanzia kiganja kimoja kabla ya mpira, na usisimame. Pita nao, kisha vuta fimbo karibu na sikio.

Sasa ile chenga ya Harrison ya kubadili mikono. Mwendee beki kwa kasi, kita mguu wa nje, hamisha fimbo kwenda mkono wa pili, ondoka upande wa pili. Rahisi kuiandika! Kosa kubwa ni kuihamisha ikiwa mbele ya kifua. Beki anaigonga, mpira unadondoka. Ipitishe karibu na uso, bega likiwa kati ya fimbo na beki. Kisha angalia kashika fimbo gani. Yako ina inchi 40 hadi 42, ya beki inaweza kufika 72, kwa hiyo chenga inayomfaa kiungo mwenye fimbo fupi kama yako ukimfanyia huyo umeshachelewa. Anza hatua moja au mbili mapema.

Chenga hiyo haifai kitu kama mkono wa kushoto ni wa pambo. Ukutani, mipira 100 kwa kushoto kabla hujagusa wa kulia, umbali wa hatua tano. Ikianza kukutoka ovyo, sogea karibu, usibadili mkono.

Mjomba wako